Harufu ya Petroli Ndani ya Gari: Namna ya Kubaini Chanzo na Kuchukua Hatua Mapema

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mmiliki wa gari anayefungua mlango asubuhi na kupokewa na harufu ya petroli huwa na njia mbili. Anaweza kushusha vioo, akawasha injini na kujiambia kuwa harufu itaisha njiani. Au anaweza kuurudisha ufunguo mfukoni na kutafuta harufu hiyo inatoka wapi. Wengi huchagua njia ya kwanza kwa sababu zinazoeleweka: kazini wanasubiriwa, watoto wanachelewa shule, na fundi anahitaji fedha ambazo mwezi huu hazimo katika hesabu. Makala haya yanaeleza kwa nini njia ya pili ndiyo sahihi, na namna mtu asiye fundi anavyoweza kuifuata bila kujiweka hatarini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mfumo wa mafuta wa gari la petroli umeundwa uwe umefungwa. Tangu mafuta yanapoingia tangini hadi yanapoungua ndani ya silinda, hayapaswi kuvuja, na hata mvuke wake umetengenezewa njia maalumu ya kunaswa na kurudishwa kwenye injini. Kwa hiyo gari lililo katika hali nzuri halinuki petroli, isipokuwa kwa dakika chache pale linapojazwa mafuta. Harufu ikidumu, iko sehemu ambayo mfumo huo umefunguka. Kauli inayosikika gerejini kuwa "gari likizeeka lazima linuke kidogo" haina ukweli. Kinachozeeka ni mipira na gasketi, na vyote hivyo hubadilishwa.

Kinachowaka ni mvuke

Petroli ikiwa kimiminika haiungui yenyewe. Kinachoungua ni mvuke unaotoka juu yake. Hapo ndipo inapotofautiana na dizeli. Dizeli huhitaji kupashwa hadi kupita nyuzi joto 50 za Selsiasi ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto kwa cheche, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya takribani nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna mahali nchini, iwe Makete au Lushoto, ambako petroli iliyomwagika itakuwa salama kwa sababu ya baridi.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa kwa mara tatu hadi nne. Haupandi na kutoweka kama moshi, bali hushuka, hutambaa sakafuni na kutulia chini ya viti, ndani ya buti, kwenye shimo la gereji na katika mitaro. Unaweza kusafiri mita kadhaa hadi ukutane na jiko la mkaa au cheche ya swichi, kisha moto ukarudi kwa njia ileile hadi ulikoanzia. Hushika moto pale unapochukua kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 hivi ya hewa. Kwa hesabu hiyo, petroli ya kujaa kikombe kimoja cha chai, ikigeuka yote kuwa mvuke ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, inatosha kuifikisha hewa ya gari hilo kwenye kiwango cha kuwaka.

Taifa lina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Tarehe 10 Agosti, 2019, katika eneo la Msamvu, Manispaa ya Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, wananchi wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Kiasi cha mafuta kinachovuja kwenye gari la familia hakilingani hata kidogo na shehena ya lori, lakini tabia ya mvuke ni ileile, na watu walio ndani ya gari dogo wana nafasi ndogo zaidi ya kukimbia.

Kando ya moto, yapo madhara ya kiafya. Mvuke wa petroli husababisha maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na petroli ina benzini, kemikali ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa zile zinazosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wadogo na wajawazito hawapaswi kusafirishwa katika gari linalonuka mafuta, hata kwa safari fupi.

Tahadhari nyingine inahusu pua yenyewe. Pua ya binadamu hutambua petroli mapema sana, lakini huchoka upesi. Baada ya dakika chache ndani ya gari, dereva huanza kuamini kuwa harufu imepungua ilhali imebaki palepale. Ndiyo maana abiria anayeingia njiani hunusa kile ambacho dereva hakisikii. Anayetaka kujua hali halisi ya gari lake amwombe jirani ambaye hajaliingia siku hiyo afungue mlango na kunusa. Aidha, manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo hayaondoi mvuke. Huficha tu dalili pekee ambayo mwenye gari anayo.

Harufu hutokea wakati gani?

Fundi makini, kabla ya kufungua boneti, huuliza harufu hutokea saa ngapi na wapi. Majibu ya swali hilo hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu, na mwenye gari ndiye anayeweza kuyatoa. Ni vyema akaangalia kwa siku moja au mbili gari likiwa limeegeshwa mahali pa wazi, pasipo kuliendesha, na akaandika anachokiona.

Harufu inayoanza mara baada ya kujaza mafuta na kupungua kadiri tangi linavyoshuka, mara nyingi hutoka sehemu za juu za mfumo. Cha kwanza kukaguliwa ni mfuniko wa tangi. Ndani yake kuna duara la mpira ambalo hukauka na kupasuka. Likichoka, mfuniko hubadilishwa, na huo ndio utengenezaji wa gharama ndogo kuliko wote utakaotajwa hapa. Hufuata bomba la kujazia mafuta, ambalo katika miji ya pwani kama Tanga, Mtwara na Unguja huliwa na kutu kutokana na hewa ya chumvi, pamoja na mpira unaoliunganisha bomba hilo na tangi.

Zipo pia harufu zinazosababishwa na mwenye gari mwenyewe pale kituoni. Mkono wa pampu unapojikata, tangi limejaa. Nafasi inayobaki juu imeachwa kwa makusudi ili mafuta yapate pa kutanukia jua linapowaka. Dereva anayemwambia mhudumu aongeze "kidogo tu, ifike elfu hamsini kamili" huyasukuma mafuta kuingia katika kanista, yaani kopo lenye punje za mkaa ambalo kazi yake ni kunasa mvuke wa tangi na kuutunza hadi injini iuvute na kuuchoma. Kanista imetengenezwa kupokea mvuke na si kimiminika. Ikilowa, hushindwa kazi, gari huanza kunuka na wakati mwingine huwa gumu kuwaka baada ya kujazwa. Ugumu huo wa kuwaka unaweza pia kuashiria kuwa vali inayofungua njia kati ya kanista na injini imekwama ikiwa wazi. Fundi huijaribu kwa kuichomoa na kupuliza hewa: ikiwa haina umeme, haipaswi kupitisha chochote.

Harufu ya asubuhi, injini ikiwa baridi, ina maana nyingine. Mpira uliokakamaa husinyaa usiku, kiungo kikalegea, petroli ikachuruzika kidogo kidogo. Injini ikipata joto kiungo hubana tena na harufu hupotea, na mwenye gari hudhani tatizo limekwisha. Tone moja kila sekunde, likiachwa usiku na mchana, hufikia zaidi ya lita moja kwa siku. Tofauti na oili, petroli haiachi dimbwi la kuonekana. Hukauka na kubakiza alama hafifu yenye rangi ya manjano au kahawia, au sehemu iliyosafishika vumbi. Hivyo inafaa kutandika boksi safi lililokunjuliwa chini ya gari jioni na kulitazama mapema, kabla ya jua.

Ikiwa harufu huja dakika chache baada ya kuzima gari lililotoka safari ndefu, chanzo kwa kawaida kiko chini ya boneti, mahali ambapo joto la injini hupika viungo vya mafuta ambavyo bado vina mgandamizo. Na ikiwa hutokea gari likiwa katika mwendo huku madirisha yakiwa wazi, inawezekana petroli haivuji kabisa, bali inatoka bila kuungua vizuri kupitia ekzosi na kuvutwa ndani kwa nyuma. Plagi iliyokufa, koili mbovu au injekta isiyofunga vizuri huipeleka petroli mbichi kwenye ekzosi. Hali hiyo nayo si ya kupuuzwa, kwani petroli hiyo huungulia ndani ya masega ya ekzosi na kuyapasha kupita kiasi, na pamoja na harufu hiyo huweza kuingia kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Kipimo kimoja ambacho kila mwenye gari anaweza kukifanya bila kifaa chochote ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili, injini ikiwa baridi, na kukinusa. Oili yenye harufu kali ya petroli, au ambayo kiwango chake kimepanda bila kuongezwa, inaonyesha kuwa mafuta yanapenya kwenye silinda na kushuka chini. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hadi chanzo kirekebishwe na oili ibadilishwe, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma vya injini.

Chini ya kiti cha nyuma

Sehemu hii inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo ambayo wamiliki wengi hawaijui. Katika magari mengi madogo yanayotumika nchini, pampu ya mafuta imezamishwa ndani ya tangi, na tangi liko chini ya kiti cha nyuma. Ukiinua kiti hicho utakuta kifuniko cha bati kilichobandikwa kwa gundi au kufungwa kwa skrubu, na chini yake ndipo ulipo mdomo wa pampu wenye gasketi, mipira miwili au zaidi na soketi ya nyaya za umeme. Kwa maneno mengine, kati ya watoto wanaoketi nyuma na tangi la petroli kuna sponji, bati jembamba na gasketi moja.

Gasketi hiyo, kila pampu inapofunguliwa, inapaswa kubadilishwa. Hutanuka ikishalowa petroli na mara nyingi hairudi katika umbo lake. Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa njia isiyopendeza. Gari lake lilibadilishwa pampu katika gereji moja ya mtaani. Siku iliyofuata likaanza kunuka, hasa tangi likiwa limejaa. Aliporudi, alielezwa kuwa ni mafuta yaliyodondoka wakati wa kazi na kwamba harufu ingeisha, kisha akapewa kopo la manukato kama zawadi. Wiki mbili zilipita, vioo vikiwa chini na mtoto akilalamika kichwa. Fundi mwingine aliinua kiti, akaonyesha kwa kidole gasketi ya zamani iliyojikunja upande mmoja, na mchanga uliolowa juu ya tangi. Gasketi mpya na nusu saa ya kazi vilimaliza shauri lote.

Ni kweli kwamba petroli iliyodondoka ndani ya gari hunuka kwa muda. Ikiwa ndivyo, harufu hupungua kila siku, na baada ya siku chache za kuachwa milango wazi mahali penye hewa huwa imekwisha. Harufu isiyopungua, au inayorudi kila tangi linapojazwa, ni uvujaji. Zulia na mikeka iliyolowa itolewe nje, ikaushwe kwa mchanga mkavu au maranda ya mbao, kisha ioshwe kwa maji ya sabuni na kuanikwa mbali na moto. Matambara yaliyotumika yasirundikwe ndani ya gari wala stoo.

Kabla ya kuufungua mdomo wa pampu, iwapo fundi anakusudia kufanya hivyo, ni sharti mchanga na vumbi vilivyo juu ya tangi visafishwe, waya hasi wa betri ufunguliwe, na milango yote iwe wazi. Kazi hiyo haifanywi ndani ya chumba, wala karibu na anayechomelea vyuma. Katika gereji nyingi zetu, fundi wa injini na fundi wa bodi wanagawana kivuli cha mwembe mmoja. Mwenye gari ana haki ya kuomba gari lake lisogezwe.

Mipira, viungo na injekta

Magari mengi yanayoingizwa nchini yakiwa yametumika huwa na umri wa miaka mingi, na mipira yake ya mafuta ina umri uleule. Hakuna mpira unaodumu milele karibu na injini, hususan katika joto la Dar es Salaam na msongamano wake. Mpira uliochoka huonekana una nyufa ndogo unapokunjwa, huwa mgumu kama plastiki, au huwa laini na uliovimba kupita kawaida. Panya nao hutafuna mipira ya magari yanayolala muda mrefu bila kutumika, na kokoto za barabara za vumbi hugonga mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari hadi yakapata kutu.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuziba sehemu hizo kwa mpira wa maji au wa hewa uliokatwa dukani kwa mita, na kuukaza kwa waya. Katika gari la kabureta, ambalo pampu yake husukuma kwa nguvu ndogo, hila hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuleta madhara. Katika gari la injekta, mgandamizo wa mafuta huwa takribani mara tatu ya ule wa hewa inayotuzunguka, na mpira usiotengenezwa kwa ajili ya petroli huyeyuka kwa ndani, ukatoa vipande vinavyoziba injekta, kisha ukapasuka juu ya injini yenye moto. Mpira wa kununua ni ule ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta na unafaa kwa mfumo wa injekta, nao ufungwe kwa klempu zisizokata mpira. Mmoja ukipasuka, yote ya umri huo ibadilishwe kwa pamoja.

Kila injekta ina oringi juu na chini. Oringi ya juu ikichoka, petroli huchuruzika kwenye bomba la mgawanyo na kuonekana kama unyevu kuizunguka injekta, hasa mara tu baada ya kuwasha. Oringi mpya hupakwa oili safi ya injini kabla ya kuingizwa ili isikatike. Gundi ya gasketi haitumiki hapo. Baadhi ya magari yana kirekebisha mgandamizo kilicho juu ya bomba hilo, chenye mpira mwembamba wa hewa. Mpira huo ukichomolewa na kukutwa na petroli ndani, kifaa hicho kimepasuka na hakina matengenezo zaidi ya kubadilishwa.

Kuhusu magari mapya zaidi yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mgandamizo katika mabomba yake unaweza kufikia mara 200 ya ule wa hewa. Uvujaji wa hapo hurusha mafuta kama sindano yenye uwezo wa kupenya ngozi. Kazi hiyo iachiwe fundi mwenye vifaa na maelekezo ya mtengenezaji.

Taa ya injini isipowaka

Wapo wanaoridhika kwa kuwa dashibodi haionyeshi taa yoyote. Ni kweli kwamba baadhi ya magari yana uwezo wa kujipima kama mvuke unavuja na kuwasha taa ya injini. Kompyuta ya gerejini ikionyesha msimbo P0457, mfuniko wa tangi ndio wa kuangaliwa kwanza. P0442 na P0456 huashiria tundu dogo na P0455 tundu kubwa katika njia ya mvuke, ilhali P0172 humaanisha kuwa injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Hata hivyo, magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana kipimo hicho cha mvuke, na hakuna gari la kawaida lenye kifaa kinachotambua petroli inayodondoka chini. Pua ya mtu imeitangulia kompyuta katika suala hili.

Wakati wa kukagua na kutengeneza

Ukaguzi wa mwenye gari uishie kwenye kutazama na kunusa. Gari liwe nje, injini iwe imezimwa na kupoa, na mwanga utoke kwenye tochi ya betri iliyowashwa kabla ya kusogea karibu. Njiti ya kiberiti haina nafasi hapa, na haliwi jambo la kuchekesha kulisema kwa kuwa bado wapo wanaoitumia kutafuta mahali panapovuja gizani. Sigara na majiko vikae mbali.

Fundi anayefungua kiungo chochote cha mafuta katika gari la injekta anatakiwa kwanza kushusha mgandamizo. Njia ya kawaida ni kuchomoa fyuzi au relei ya pampu na kuiacha injini iungue hadi izime yenyewe, kisha kufungua betri. Iwapo gari linavuja mahali pa wazi chini ya boneti, lisiwashwe hata kwa lengo hilo. Kiungo hufunguliwa taratibu kikiwa kimezungushiwa kitambaa baada ya gari kulala kwa saa nyingi. Petroli isinyonywe tangini kwa mdomo. Matone machache yakiingia kwenye mapafu husababisha homa kali ya mapafu, na aliyemeza kwa bahati mbaya hatapishwi, bali hupelekwa kituo cha afya mara moja.

Tangi lenye tundu lina hatari ya pekee. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake umebaki mvuke uliochanganyika na hewa. Kulichomelea baada ya kulisuuza kwa maji mara moja kumewahi kugharimu maisha ya mafundi. Tangi lililooza kwa kutu hubadilishwa, na la plastiki halizibwi kwa sabuni wala gundi ya kawaida, ijapokuwa sabuni huonekana kuziba kwa safari ya siku moja.

Kazi ikikamilika, mwenye gari asikubali kukabidhiwa ufunguo papo hapo. Swichi iwashwe bila kuwasha injini mara mbili au tatu ili pampu ijaze mfumo, na kila kiungo kilichoguswa kitazamwe na kupapaswa kwa karatasi kavu. Kisha injini iwashwe na kuachwa kwa dakika kumi, viungo vikitazamwa tena. Ukaguzi wa mwisho ni wa kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi.

Pikipiki na madumu ya akiba

Harufu ya petroli haiwahusu wenye magari pekee. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda hulaza pikipiki zao ndani, pengine katika chumba kilekile wanacholala na familia, kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ni ya haki, kwani pikipiki hiyo ndiyo ajira yenyewe na mara nyingi ina mkopo. Lakini kabureta ambayo kielea chake kimekwama, au koki ya mafuta iliyoachwa wazi, humwaga petroli usiku kucha kwenye sakafu ya chumba kisicho na dirisha, na asubuhi anayeamka kwanza ndiye anayewasha jiko. Pikipiki ilazwe nje chini ya ulinzi wa pamoja au uani kwa mnyororo. Pasipo njia nyingine, koki ifungwe kila jioni bila kukosa, kabureta ikaguliwe, na chumba hicho kisiwe cha kupikia wala kuwashia koroboi au mshumaa. Pikipiki inayonuka isiingizwe ndani kabisa.

Vilevile, dumu la maji ya kunywa au chupa ya soda si chombo cha kubebea petroli. Plastiki yake hulainika, mfuniko haufungi mvuke, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Wanaobeba akiba katika buti wafahamu kuwa harufu wanayoisikia huenda haitoki kwenye gari hata kidogo.

Harufu ikizidi njiani

Dereva anayesikia harufu kali ghafla akiwa barabarani asisubiri kufika. Atoe ishara, aegeshe pembeni mbali na majengo na vibanda vya wachoma mahindi, azime injini na kuwatoa abiria wote upande ambao upepo unatokea, umbali wa mita 30 au zaidi. Mizigo iachwe. Injini isiwashwe tena "kuangalia kama bado ipo". Moshi ukionekana chini ya boneti, boneti isifunguliwe yote, kwani hewa inayoingia kwa ghafla huukuza moto. Mtungi wa kuzimia moto wa poda hutumika kwa kuelekeza kwenye chanzo, na mchanga mkavu husaidia kwa petroli iliyo chini. Maji hayatumiki, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja na moto.

Abiria wa daladala au basi anayesikia harufu hiyo anayo haki ya kumwambia kondakta gari lisimame, na malalamiko yakipuuzwa yafikishwe kwa askari wa usalama barabarani aliye karibu au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), yakiambatana na namba za usajili wa gari.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114. Anayepiga ataje mahali alipo kwa alama inayojulikana, aina ya gari, kama kuna mtu aliyenasa ndani, na aseme wazi kuwa kinachovuja ni petroli, ili gari litakalotumwa lije na dawa ya povu.